Hirizi ya Babu Ilipopasukia Ofisi ya Kodi

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kidogo. Nimeadhirika mbele ya foleni nzima, mbele ya binti wa umri wa mwanangu, na aliyenimaliza ni shangazi yangu wa damu. Nawaandikia upesi kabla Athumani wa spea hajaniwahi, maana alikuwepo, na mkononi alikuwa na simu.

Tuliosoma pamoja mnajua mimi na kodi hatujawahi kupatana. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya makadirio. Kwa ninyi wenye mishahara mnaokatwa kimya kimya, makadirio ni hivi: sisi wenye biashara ndogo kila mwaka tunakwenda kujieleza. Unasema una nini na umeuza kiasi gani, wanakukadiria, unalipa. Ukweli unautoa mwenyewe kwa mdomo wako. (Hapo ndipo tatizo linapoanzia.)

Msidhani nilisubiri siku ya mwisho kwa uvivu. Siku tatu nimepigana na simu! Mfumo unataka nywila, nywila nimeisahau. Nikabonyeza pale pa waliosahau. Ukatuma namba kwenye laini yangu ya zamani, ambayo ilizama mtoni nikivuka kwenda Utete, na simu yake, na shilingi zangu zilizokuwa ndani. Nikabadilisha laini, nikarudi. "Jaribu tena baadaye." Nikajaribu baadaye. "Jaribu tena baadaye." Siku tatu nazunguka uani na simu juu kama natafuta mwezi wa Idi, mpaka mke wangu mkubwa, Mama Zuhura, akaniambia nikae chini, nawatia kuku wasiwasi.

Sasa niwape siri, ambayo tangu leo saa tano asubuhi si siri tena.

Duka langu la vyombo hapa Kibiti mnalijua. Lina leseni, lina mashine ya risiti, nalo naliandikisha kila mwaka. Lakini kuna mashine ya kukoboa mpunga kule Mkongo, anayeisimamia ni mke wangu mdogo, Mwajuma. Halafu kuna pikipiki ya bodaboda inayolala Mtawanya. Hizo mbili sijawahi kuziandika popote. Hoja yangu ilikuwa kwamba Mkongo ni wilaya ya Rufiji na mimi ofisi yangu iko Kibiti, sasa ya wenzetu nayaingilia ya nini? Na pikipiki haina ukuta wala mlango, utaiitaje biashara? (Nikiwa peke yangu bafuni hoja hizi zilikuwa na nguvu sana.)

Mwaka huu pia nilikuwa na sababu. Nimemwahidi Mama Zuhura bati mpya. Nyumba inavuja, tunalala na masufuria, na mvua haziko mbali. Pesa ya bati nimeiweka, imetimia. Makadirio yakibaki pale pale, bati zinapanda juu. Makadirio yakipanda, bati hazipo, na mimi nitamweleza nini mwanamke aliyeniamini miaka ishirini?

Kwa hiyo asubuhi nikavaa shati safi, nikachukua faili, nikaanza kunyatia mlango. Sikufika. Shangazi Mwanahawa alikuwa barazani anachambua mchele.

Shangazi huyu ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo wetu, na ndiye mtunza hirizi. Hirizi yenyewe ni kipande cha ngozi nyeusi, ukubwa wa kiberiti, kimeshonwa pande zote, kina kamba ya kuvaa shingoni. Ilikuwa ya Babu Matimbwa, babu yake yeye, ambaye kwangu ni baba wa babu. Mtu wa milima ya Umatumbi. Alikuwemo katika Maji Maji.

Kila Idi, biriani likishaliwa, hadithi lazima isimuliwe. Mjerumani alitaka kodi ya nyumba, Babu akakataa. Mjerumani akataka watu wakalime pamba ya jumbe wake, Babu akaing'oa. Vita ikaja. Babu akanyunyiziwa maji, akatundika hirizi, akasimama kilimani, na risasi zikageuka maji kifuani pake. Wenzake wengi walianguka, na njaa iliyofuata ikachukua waliosalia. Yeye hakupata hata mkwaruzo. Ndipo familia ikateremka huku bondeni, hirizi nayo ikateremka. Haifunguliwi. Atakayeifungua, wazee walisema, atakiona cha mtema kuni. Na hadithi inafungwa kwa maneno yale yale kila mwaka, shangazi akijipiga kifua: "Babu hakumpa Mjerumani hata rupia moja!" Sisi tunaitikia, tunaongezewa soda.

Mimi hadithi hiyo nimeila kama uji. Shuleni nani alikuwa anaigiza Maji Maji kila mwaka? Ninyi mashahidi. (Mara mbili nilipigwa risasi ya punje ya hindi usoni, sikuanguka, mwalimu akakasirika.)

"Wenda wapi weye na makaratasi?" shangazi akauliza.

"Ofisini, shangazi. Mambo ya kodi."

Mchele ukasimama ungoni. "Kodi! Mjukuu wa Matimbwa anakwenda kodi?"

"Kitukuu, shangazi."

"Hata ungekuwa kilembwe! Ngoja nivae. Nnakwenda nawe, wakanione."

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema tu hapana shangazi, jua kali, magoti yako. Lakini nikakumbuka foleni ya siku ya mwisho ilivyo. Na katika nchi hii bibi kizee hapangi foleni. Nikajiona nina akili. Nikamletea viatu mwenyewe.

Tulipofika, foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imepita kwa mama chapati, inaelekea barabarani. Nikamshika shangazi kiwiko, nikaanza kumsogeza mbele taratibu.

"Mpisheni bibi! Mpisheni bibi jamani!" nikawa natangaza.

Watu wa Kibiti wana adabu. Walipisha wote. Ndani kabisa, kiti cha kwanza, alikaa Athumani wa spea, ambaye alikuwa pale tangu alfajiri. Akainuka, akamkalisha shangazi. Halafu akanitazama mimi.

"Na wewe, Baba Zuhura, umezeeka lini?"

"Mimi nimemshika mkono tu."

"Mbona faili ni lako?"

Nikajifanya nasoma tangazo ukutani. (Lilikuwa linahusu kutema mate.)

Sasa sikieni: mtandao hakuna! Ofisi nzima imekaa inaangalia kompyuta, kompyuta nazo zinaangalia ofisi. Mfumo umelala. Feni moja, tena inageukia upande wa wafanyakazi tu. Mimi hali ile siiwezi. Nikakaa, nikasimama. Nikahesabu vigae, nikavikosea, nikaanza upya. Nikafungua faili, nikalifunga. Kwenye dirisha la pili alikaa karani, binti mmoja, na kila alipoinua macho nilijificha nyuma ya faili, maana niliona anajua. Anajua Mkongo! Anajua Mtawanya! Alikuwa anaangalia saa tu.

Shangazi yeye alitulia kama yuko harusini. Kimya kilipomchosha, akageukia watu.

"Mnamjua Matimbwa ninyi?"

Hawakumjua. Basi akawajulisha. Akaanza na pamba, akapita kwenye maji, akafika kilimani, akaitoa hirizi ndani ya kanga na kuiinua ionekane. Foleni ikasogea. Waliokuwa nje wakachungulia dirishani. Mama chapati akaacha jiko.

"Risasi, paa! Maji! Risasi, paa! Maji!"

"Allahu akbar," akasema mzee mmoja.

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na wahka na siwezi kukaa kimya nikiwa na wahka, nikadakia. Mdomo wangu jamani! Nikaanza kumpamba Babu. Nikawaambia hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa na wake watatu, kila mke na nyumba yake, kila nyumba na ghala lake la mtama, ukisimama chini ya kilima unaziona nyumba zote tatu zimejipanga. Nikaonyesha kwa mikono. Hii, hii na hii.

"Na ya tatu ndiyo ya bibi yangu," shangazi akaongeza kwa raha. "Bibi Somoe. Udongo wake kaukanda mwenyewe, na mimba juu."

"Nyumba tatu!" nikarudia, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la pili. "Na hakulipa hata rupia!"

Binti wa dirisha la pili akatabasamu. Nilidhani amependa historia.

Akatuita. Msichana mwembamba, miwani, ushungi wa kijani. "Shikamoo bibi. Shikamoo baba. Karibuni." Nyuma ya dirisha lake kuna kichumba chenye kiti cha wageni kimoja, akakaa shangazi, mimi nikasimama nyuma yake. Athumani akasogea mpaka kwenye mlango wa kile chumba, eti kuna upepo.

"Baba, mtandao bado, lakini tujaze karatasi kwanza. Biashara gani?"

"Duka. Vyombo vya nyumbani."

"Mauzo ya mwaka?"

Nikamtajia. Akafungua faili langu la zamani, akaweka kidole.

"Mwaka jana umeandika hiyo hiyo. Mwaka juzi hiyo hiyo. Mpaka ile mia mbili ya mwisho, baba."

"Biashara yangu haiyumbi," nikasema.

"Mashallah. Huna chanzo kingine cha mapato?"

"Sina."

"Shamba la biashara, chombo cha usafiri, mashine yoyote?"

Aliposema mashine, shati likanata mgongoni. Shangazi alikuwa anaangalia dari. Yeye kwake kumficha mtu wa kodi ni kuendeleza vita, hawezi kunichoma. Ningesema "sina" mara moja tu nikanyamaza, leo nisingewaandikia haya. Lakini mwongo hajui kunyamaza, mwongo anataka kuaminiwa.

"Sina, mwanangu! Wallahi sina! Sisi si watu wa uongo, sisi! Umesikia mwenyewe habari za babu yetu! Naapa kwa hirizi hii ya Matimbwa!"

Na mkono ukaenda. (Sheikh wetu akisoma hapa anisamehe. Najua kuapa ni kwa Mungu tu. Mkono haukujua.) Nikaishika hirizi ikiwa bado shingoni kwa shangazi.

Yule mama akaruka. Miaka themanini karibu, aliruka!

"Wee! Acha! Usiapie hiyo!"

"Shangazi, niache nimalize!"

"Acha nakwambia! Utatumaliza ukoo! Na weye wajua unacho!"

Aliposema "wajua unacho" nikavuta kwa hofu, naye akavuta kwa hofu. Ngozi ya miaka mia na zaidi haikushonwa kwa vita ya namna ile. Ikalia prrr! Kamba kwake, ngozi kwangu, na katikati kikaanguka kitu juu ya meza ya serikali, karibu kabisa na mhuri.

Mama chapati alisema "Yallah" nikamsikia kutoka nje.

Ilikuwa karatasi, imekunjwa mara nyingi, rangi ya chai. Shangazi akajifunika uso kwa kanga, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Mimi nikasubiri kile cha mtema kuni. Hakuna aliyetaka kuigusa. Mwisho yule binti akasema bismillahi, akaifunua kwa ncha za kalamu mbili, kunjo moja baada ya jingine, mpole kabisa.

Akaitazama. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Bibi," akasema, "hii si Kiarabu."

"Ni nini basi?"

"Ina mhuri. Una ndege. Kuna Kijerumani hapa, na Kiswahili chini yake." Akainama. "Imeandikwa... kodi ya nyumba. Matimbwa bin Kisoma. Rupia tatu." Akafuata mstari kwa kalamu. "Amelipa."

Jamani.

"Na mwaka ni ule ule wa vita," akaongeza, pole pole, kama daktari anayetoa majibu.

Kule mlangoni Athumani akageukia foleni. "Alilipa!" akapaza sauti. "Babu alilipa! Hii ni risiti!"

Mlijua foleni ya kodi inaweza kucheka? Mimi sikujua. Watu wenye sura za msiba tangu alfajiri wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule mzee wa Allahu akbar alishika ukuta. Mtu mmoja akauliza kwa adabu kabisa kama ofisi ile inazo hirizi nyingine, maana na yeye ana risiti zake anataka kuzishona.

Nilijaribu kuokoa jahazi. Nikasema labda aliokota. Nikasema labda ni Matimbwa mwingine. Na hapo hapo, kichwa changu kisichotulia kikapata wazo ambalo bado linanisumbua. Baada ya vita askari walipita vijijini wakiwasaka waliopigana. Mtu mwenye karatasi ile kifuani angeonekana raia mwema, angeachwa. Wasio nayo hawakuachwa. Kwa hiyo hirizi ilifanya kazi! Risasi zilimpita kweli! Nikataka kuyasema hayo kwa sauti, nikatazama uso wa shangazi, nikashindwa.

Maana yeye hakucheka wala hakulia. Alikuwa ameteremsha kanga mabegani, anaitazama ile karatasi. Hapo niliumia, nawaambieni. Huyu mama ameivaa miaka hamsini. Amejifungua nayo. Ameipeleka hospitali ikalazwa naye. Nikaona nimemvunjia mtu kitu ambacho hakiungiki, na yote kwa sababu ya mashine ya kukoboa mpunga.

"Binti," akasema. "Nyumba ngapi hapo?"

"Bibi?"

"Kalipia nyumba ngapi?"

Yule msichana akasoma tena. Akanitupia jicho mimi kwanza. "Moja, bibi. Nyumba moja."

"Soma vizuri."

"Moja."

Kicheko kikakatika chenyewe. Kila mtu alikuwa ameziona nyumba zile tatu kwa mikono yangu mwenyewe. Hii, hii na hii.

"Moja," shangazi akarudia. "Hiyo ni ya mke mkubwa, ilikuwa mbele. Ya pili hakuitaja. Na ya bibi yangu hakuitaja." Sauti ikaanza kupanda. "Bibi yangu Somoe! Kakanda udongo na mimba juu! Kamzalia wana watano! Leo mwanamume anakwenda bomani anaulizwa una nyumba ngapi, anasema moja? Bibi yangu alikuwa kuku, alilala nje?"

"Shangazi, ilikuwa kukwepa kodi tu..."

"Kaa kimya weye! Kodi kalipa! Kama angekataa kulipa ningemwelewa. Kama angelipa zote ningemwelewa. Lakini kumlipia mmoja na kuwaficha wawili!" Akanigeukia mzima mzima, na kiti chake kikalia. Nikaona macho yale yanafika mahali fulani, yanatua. Nikajua yametua Mkongo. "Kumbe ndivyo mlivyo. Ndiyo damu yenyewe hii."

"Shangazi, nakuomba. Tutaongea nyumbani."

"Binti, chukua kalamu."

"Shangazi!"

"Andika. Duka, hilo amelisema. Mashine ya kukoboa mpunga, iko Mkongo, anaiangalia mkewe mdogo, anaitwa Mwajuma. Mwajuma, umeandika? Mwanamke wa watu anaamka kabla ya jogoo, pumba mpaka masikioni. Andika jina lake lote. Na pikipiki, iko Mtawanya. Nyekundu."

Nikajitutumua kwa pumzi ya mwisho. "Mwanangu, Mkongo ni wilaya nyingine. Haihusiani na..."

"Mfumo ni mmoja, baba," akasema yule binti.

Na kumbe huo mfumo ulikuwa unasubiri! Siku tatu umelala, siku tatu "jaribu tena baadaye", na mara shangazi aliposema "nyekundu" kompyuta zote zikalia tii, watu wakapiga makofi. Mtandao umerudi! Binti akaingiza duka. Ikakubali. Akaingiza Mkongo, ikakubali kwa haraka ambayo sijawahi kuona serikalini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile yangu hata kona haikuwa nayo.

Nikapewa kontrol namba, ile ya kulipia. Nikakiangalia kiasi kilichoandikwa chini yake, nikaziona bati za Mama Zuhura zinaruka moja moja kwenda zake. Yule msichana, Mungu amjalie, hakunikebehi. Alisema kwa kuwa nimejieleza mwenyewe (mwenyewe!) tutahesabu kuanzia mwaka huu, na naweza kulipa kwa awamu nne. Nikalipa awamu ya kwanza pale pale kwa simu, binti akanichapia risiti yenye biashara zote tatu, foleni yote inanisindikiza kwa macho.

Kutoka ilikuwa mtihani mwingine. Nimempitia kila mtu niliyemwambia mpisheni bibi. Mmoja mmoja. Wananipisha kwa heshima.

"Baba Zuhura," Athumani akaita nyuma yangu, "gunia la mpunga mnakoboa kwa shilingi ngapi? Au nikamuulize Mwajuma?"

Njiani shangazi alitangulia mbele. Ile karatasi ameifumbata, ngozi iliyochanika ameifunga kwenye ncha ya kanga. Nilitaka kumwambia lile wazo langu la askari, kwamba huenda Babu aliilipia ile nyumba moja ili wapone wake wote watatu, kwamba bila karatasi ile tusingekuwepo. Nikaanza. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nasema kweli, alinisikiliza. Kisha akasema, "Labda. Lakini angewaambia." Halafu akaniuliza iko wapi risiti yangu ya leo.

"Ya nini, shangazi?"

"Lete."

Tukapita kwa fundi viatu pale stendi. Akampa ngozi, akampa karatasi ya Babu, akampa na risiti yangu, ikakunjwa mara nyingi, zikawekwa pamoja. Fundi akauliza kwanza kama hirizi siku hizi zinatolewa na mashine. Akashona pande zote, uzi mnene, akapitisha kamba mpya. Shangazi akaivaa. Akaipiga piga kifuani, akaonekana ameridhika, na kwa mara ya kwanza tangu dirisha la pili akanitazama kama mtoto wa kaka yake.

"Sasa hii imetimia," akasema. "Nyumba zote zimo."

Nimefika nyumbani, habari imenitangulia. Mama Zuhura amepanga masufuria yote mstari mmoja sebuleni, hajasema lolote, amenionyesha tu kwa kidole. Kutoka Mkongo umeingia ujumbe wa Mwajuma: "Mume wangu nimesikia umeniandika kwa jina langu lote. Ahsante. Sijui kwa nini nimelia." Nimeusoma mara sita. Sijui nimjibu nini, maana kama ingekuwa ni mimi peke yangu angeendelea kuwa pumba za Mkongo zisizo na mwenyewe.

Basi ndiyo hivyo. Ninyi chekeni, najua mmeshaanza tangu ngozi ilipolia prrr, sina la kuwazuia. Ninayemwomba asicheke ni kitukuu wangu mmoja, huko mbele, siku atakapogombania kamba na shangazi yake na hirizi ikampasukia mkononi. Mwanangu, kabla hujacheka, hesabu kwanza. Yangu ni tatu.